Mbeyu Kwenye Mstari Mwekundu

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, trekta la mizigo limesimama shubiri moja nyuma ya mstari mwekundu. Mbele yake imelala barabara ya ndege, lami nyeusi ambako ndege huruka na kutua. Nyuma yake mna vitoroli vitatu vilivyojaa masanduku ya wageni waliotoka hoteli za Galu. Ng'ambo, ndege ndogo ya abiria kumi na wawili inayangoja.

Mbeyu Chirima ameshika usukani kwa mikono miwili. Taa ya manjano inazunguka juu ya kichwa chake.

Kando yake ameketi Ngui, ofisa wa usalama wa uwanja huu mdogo wa pwani ya kusini, karatasi juu ya goti, kalamu mkononi. Leo ni mtihani. Mbeyu akifaulu, kibali chake cha kuendesha ndani ya uwanja kinarudi. Akianguka, hakuna mtihani mwingine. Atabaki kubeba masanduku kwa mgongo.

"Mnara, hapa Trekta Mbili," anasema kwenye redio. "Naomba kuvuka."

"Trekta Mbili, subiri hapo ulipo," inajibu sauti ya Fauzia, mwongozaji wa ndege.

Anasubiri. Dakika moja. Mbili. Anga ni jeupe, halina hata kunguru.

Mbeyu ana umri wa miaka thelathini na sita. Alizaliwa upande mkavu wa Kinango, nyumba ya wafugaji, akachunga ng'ombe wa babake kabla ya kujua kusoma. Trekta alijifunzia kwenye mashamba ya miwa ya Msambweni, akikokota matela kwenye tope ambalo hata wanaume walilikimbia.

Aliyemleta uwanjani ni Mzee Sanga, mlinzi mkuu wa lango, mtu wa ukoo wao, aliyekaa hapa miaka thelathini na mmoja. Ndiye aliyemdhamini kwa mdomo wake. Mbeyu humwita baba.

"Mtu aliyekushika mkono akakuingiza mlangoni," anasema Mbeyu baadaye, "huwezi kumtazama usoni ukamwambia la."

Hilo ndilo lililomponza mwezi wa Februari.

Asubuhi ile redio ilikuwa na maneno mengi, marubani wawili wakizungumza na mnara kwa zamu. Mbeyu alingoja hapa hapa kwenye mstari. Mzee Sanga alikuwa akizunguka kukagua ua. Akasimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akampungia mkono. "Pita, mwanangu. Kweupe."

Akapita.

"Nilichunga ng'ombe mimi," anasema. "Mkubwa akisema vusha, unavusha. Humuulizi ameonaje."

Alipofika katikati alisikia mngurumo. Ndege ilikuwa imeshuka karibu kugusa lami, magurudumu nje, na rubani alipoliona trekta aliinyanyua tena pua ikapanda juu. Mbeyu anasema aliona misumari ya tumbo la ndege. Watu kumi na mmoja walikuwa ndani. Hakuna aliyeumia.

Kibali chake kilichukuliwa siku hiyo hiyo. Kwa miezi mitatu amekuwa mpakizi, na mshahara ukashuka kutoka shilingi elfu ishirini na saba hadi kumi na sita. Ana watoto wawili shuleni. Lakini fedha, anasema, si kitu kilichomnyima usingizi.

"Nilikuwa nikilala naisikia ile ndege ikipanda. Nikawa najiuliza, je, isingepanda?"

Katika miezi hiyo alikisoma upya kitabu cha kanuni mpaka kikachakaa pembeni. Ndege ina haki ya njia daima, hata ikikokotwa. Mwendo usizidi kilomita kumi na tano kwa saa kwenye maegesho. Usipite nyuma ya ndege ambayo taa yake nyekundu inawaka na kuzimika, kwani injini inawaka au inakaribia kuwaka, na rafadha, pangaboi la ndege, inapozunguka haionekani. Usirudi nyuma bila mtu wa kukuongoza. Usivuke mstari mwekundu bila ruhusa ya mnara.

"Zote nilizijua hata Februari," anasema. "Kujua si kazi."

Dakika ya tatu inapita. Wapakizi wameacha kazi, wamesimama kivulini wakitazama. Mmoja anapiga ukelele: "Dada Mbeyu, hiyo trekta imelala ama umelala wewe?" Wenzake wanacheka.

Ndipo Mzee Sanga anapotokea kandoni mwa ua, mwendo wake wa taratibu, kofia mkononi. Anatazama kulia. Anatazama kushoto.

"Mbeyu! Wangoja nini?"

"Nangoja mnara, baba."

"Mnara unatazama kwa macho, nami nina macho. Hakuna kitu. Wageni wanachelewa. Pita."

Kalamu ya Ngui imesimama.

Mbeyu anaweka mkono kifuani, anainamisha kichwa. "Niwie radhi, baba. Siwezi."

Vicheko vya wapakizi vinakatika. Mzee anasogea hatua mbili, sauti inashuka. "Mimi ndiye niliyekuleta hapa. Leo mbele ya watoto hawa waniambia huwezi?"

"Ni wewe uliyenileta, baba, na sitasahau. Lakini siwezi."

Mguu wa Mbeyu umekanyaga breki kwa nguvu. Mzee anavaa kofia, anageuka kwenda zake. Hakuna ndege inayokuja. Barabara ni tupu kweli, kama alivyosema.

Dakika ya saba, redio inakoroma. "Trekta Mbili, ruhusa kuvuka."

Mbeyu anairudia ruhusa kwa sauti, neno kwa neno, anatazama pande zote mbili, kisha anavuka polepole. Akifika ng'ambo anatoa taarifa kwamba amekwisha kuondoka barabarani. Hapo tu ndipo anapolia.

"Madam, umepita," anasema Ngui akitia sahihi. Baadaye anakiri kwamba yeye ndiye aliyemwomba Fauzia amcheleweshe, huku mnara ukijua hakuna ndege iliyo karibu. "Nilitaka kuona kama atachoka kungoja. Lakini yule mzee hakuwa kwenye mpango wangu. Huyo alitumwa na Mungu."

Saa sita mchana Mbeyu anamfuata Mzee Sanga kwenye kibanda cha lango. Anapiga magoti mlangoni. Mzee anaendelea kuandika nambari za magari kwenye daftari.

"Umeniaibisha," anasema hatimaye, bila kuinua macho.

"Nimekuaibisha, baba. Ndege ya Februari ilikuwa na watu kumi na mmoja."

Kalamu ya mzee inakaa juu ya karatasi. "Sikuiona," anasema. "Wallahi, nilitazama, sikuiona."

Mwezi ujao madereva wapya sita wataanza mafunzo, na Ngui amemwomba Mbeyu awafundishe kwenye mstari. Amekubali, ila ana sharti. Kitabu, anasema, hakisemi popote umjibuje mkubwa wako anapokuamuru uvuke. Hilo anataka walijaribu kwa miguu yao, si kwa kusoma.

Kwa hiyo amemwomba Mzee Sanga aje asimame kando ya barabara, awaite mmoja mmoja wapite, kwa sauti yake ile ile.

"Nikiwaita mimi," mzee alimuuliza, "nani atathubutu kukataa?"

"Ndiyo sababu nataka uwe wewe, baba."

Mzee ameuliza ni siku gani, na saa ngapi.