Cucu Alikwama Mwezini, Wafula Akamsukuma

Wasee, leo nyanya yangu, Cucu, amekwama karibu na mwezi, mafuta imeisha, na yeye mwenyewe ako hapa Kibomet anachambua maharagwe 😂

Ni gemu ya kurusha roketi. Mimi ndio nilipea watu wa ndani majina ya familia: la Cucu, la mathe na langu.

Nikasema wacha nifute nianze upya.

Cucu akasikia. "Ati ufute nani? Hilo jina nilipewa ni la cucu yangu. Haibaki huko juu. Nirudishe!"

Bana, maharagwe ikawekwa chini. Hakuwa anacheka.

Nikapigia beshte yangu Wafula wa Malakisi, yeye ni wa boda na hucheza hii gemu pia, mtandaoni tunaingia anga moja. Akarusha roketi yake mpaka akatufikia. Kumbe yetu sikuiweka mahali pa kuunganishia! Hawezi kutuvuta, hawezi kutupea mafuta.

Nikajua tumekwisha.

Wafula akacheka kwa simu. "Si pikipiki ikizima njiani tunaisukuma tu na mguu? Tulia."

Akaweka pua ya roketi yake kwa matako ya yetu, akasukuma polepole, hivyo hivyo, mpaka tukashika njia ya nyumbani. Parachuti ikafunguka. Nilipiga nduru majirani wakatoka!

Huyo jamaa apewe barabara yenye jina lake.

Nyinyi mkikwama huko juu mtapigia nani?

Cucu ameangalia skrini, akarudi kwa maharagwe. "Huyo kijana amenitoa mbali. Mwambie Jumapili asikule kwao."