Majani ya Vestina

Wateja walimfuata Vestina kwa ndizi zake zilizoivia ndani ya majani ya migomba, na migomba yenyewe aliipanda kwa mkono wake nyuma ya mgahawa, mjini Bukoba. Bila majani hayo, chakula chake kingekuwa sawa na cha yeyote. Asubuhi moja Avit, afisa bustani wa manispaa, akaja na vibarua, wakaing'oa migomba yote na kupanda maua.

“Mama, tunapendezesha mji. Migomba ni ya kijijini.”

“Na wewe kijijini kwenu Buganguzi ulilelewa kwa maua?”

Vibarua wakacheka. Mchana Avit akarudi bila haya, akavuta kiti, akaagiza ndizi na maharage. Vestina akambwagia sahani ya maua.

“Ndiyo mazao yaliyobaki, baba. Kula ushibe.”