Kicheko Kabla ya Kukaza Mkanda

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu wa msitu bado umelala juu ya uwanja wa ndege wa Kakamega, na askari wa uwanja anawafukuza ng'ombe watoke kwenye nyasi. Hezekiah Sifuna amepiga magoti kwenye ubao wa kukanyagia, juu ya bawa la chini la ndege kuukuu. Shazia, ile sindano nene ya kushonea turubai, ameibana midomoni, na vidoleni anapaka nta uzi wa katani.

Ndege hiyo ni Tiger Moth, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Wakati wa vita vya Hitler ilitumika kuwafundishia marubani wa kijeshi. Haina paa, rubani huketi kichwa nje kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Ikipinduka, kinachomzuia asimwagike ni mikanda tu, na mikanda hii ni kazi ya mikono ya Hezekiah.

Jumamosi ijayo Kenya inakuwa Jamhuri. Ndege itapita juu ya umati, igeuke tumbo likitazama mbingu, kisha irudi sawa. Atakayeirusha ni Lazarus, kijana wa Matete aliyesomea urubani ng'ambo. Mji mzima umeshalizoea jina lake.

Shida ni kwamba Lazarus amemwoa Navalayo, binti wa Hezekiah.

Hezekiah alijifunza kazi hii katika kambi ya ndege ya Eastleigh, Nairobi, mwaka wa 1941. Alikuwa mshona matandiko ya punda. Wakampa turubai, macho ya shaba ya kupitishia kamba, na mshahara wa shilingi ishirini na nane kwa mwezi. Mpaka leo akisikia injini ikikohoa asubuhi, mikono yake hutafuta sindano.

"Ndege zilikuwa zinapanganga mstari mpaka macho yanachoka," anasema. "Na vijana wenyewe walikuwa watoto tu. Mmoja alikuwa na madoadoa usoni kama yai la kanga. Nikimfunga ananiimbia nyimbo za kanisa za kwao. Wengine hawakurudi. Lakini hakuna aliyeanguka kwa sababu ya mkanda wangu."

Siri ya kazi, anaeleza, haimo kwenye mshono. Mtu akiona anafungwa, huvuta pumzi na kutunisha kifua bila kujijua. Ukikaza hapo, umekaza bure. Akishafika juu na kupumua, mkanda umelegea kiganja kizima.

"Hapo umefunga upepo, hujafunga mtu," anasema. "Ukimwambia atoe pumzi, anatoa nusu, nusu anaficha. Lakini kicheko hakifichi kitu. Mchekeshe kwanza, akicheka ndipo uvute."

Kwa hiyo pale Eastleigh alijulikana kwa vichekesho kuliko kwa sindano. Alikuwa navyo vya mbuzi wa padri, vya mpishi wa kambi, na vya mzungu aliyeogopa kuku. Alipohamia Lugari baada ya vita, mkulima mmoja mzungu aliyeinunua Tiger Moth hii alikuwa akianza kucheka kabla Hezekiah hajafungua mdomo. Mkulima huyo amekwenda zake. Mashamba yamegawiwa, mahindi ya wenyewe yamesimama palipokuwa na ngano, na ndege ameiachia klabu ya vijana wa Kakamega.

Hezekiah hasikitiki kwamba uhuru umekuja. Anachokikumbuka ni kucheka kule.

Sasa amchekeshe nani? Kwao, baba mkwe na mkwe hawataniani. Hata kusalimiana kwao ni kwa mbali, macho chini. Na ndege inayopinduka inahitaji mkanda wa tano, ule unaopita katikati ya mapaja, ili ule wa tumboni usipande kifuani. Hezekiah apeleke mkono pale, kwa mume wa binti yake?

"Heri nishone mdomo wangu," anasema.

Jumanne walijaribu njia nyingine. Hezekiah alisimama karibu na mkia wa ndege akampa Kipsang, askari wa uwanja, maagizo. Kipsang akampelekea Lazarus, ingawa wakwe hao wawili walikuwa wanasikiana vizuri kabisa. Lazarus akajifunga mwenyewe. Kipsang akapewa na kazi ya kuchekesha. Akasimulia kisa kirefu cha ngamia, na kilipokwisha Lazarus akauliza kwa adabu kama bado kinaendelea.

Ndege ilipogeuka, waliokuwa chini waliona mwanga kati ya rubani na kiti chake. Mikanda ilikuwa imempanda hadi makwapani. Alipotua alikaa humo ndani muda mrefu, rangi ya uso imekuwa ya jivu.

Hezekiah alimwambia Kipsang amwambie Lazarus kwamba ndege haipinduki tena. Lazarus akamwambia Kipsang amjibu baba kwamba watu wameshatangaziwa, na ndege itapinduka. Usiku huo mzee hakugusa chakula. Mkwe wake angekufa kwa sababu ya heshima, na heshima yenyewe ingekuwa yake.

Ni Navalayo aliyelitaja jina la Beldina. Yeye binafsi asingeweza kumshika mumewe hivyo mbele ya baba yake. Lakini Beldina ni bibi yake Lazarus, mama wa baba yake, na bibi ana ruhusa ambayo wengine hawana.

Leo asubuhi ajuza huyo, aliyefika jana kwa lori la mahindi, anapandishwa juu ya bawa akiwa na leso mbili na bila haraka. Lazarus ameketi, kifua mbele. Hezekiah yuko nyuma ya kiti, amempa mkwe wake mgongo. Mikanda miwili ya mabegani ameipitisha nyuma, na ncha zake ameziweka begani mwake kama mtu anayevuta kamba ya fahali.

"Mume wangu, umenenepa," Beldina anamwambia mjukuu. "Huyu msichana anakulishanga obusuma wa mahindi ama simiti?"

Lazarus anatabasamu, lakini kifua hakishuki. Bibi anainama na kuushika mkanda wa tano.

"Panua miguu. Hapa nilikuwa nakuosha hata jina hujapewa. Unaficha nini ambacho sikijui?"

Lazarus anacheka. Anacheka mpaka mabega yanaanguka. Beldina anavuta kwa mbele, anachomeka pini kama alivyofundishwa. Hezekiah anavuta kwa nyuma, macho kayafumba, midomo kaiuma kicheko kisije kikamponyoka.

Ndege inaruka. Inazunguka juu ya msitu na kurudi. Hezekiah anautazama udongo.

"Imepinduka," Beldina anamwambia.

"Bado yumo?"

"Yumo. Amening'inia kama popo."

"Unaona mwanga hapo kwenye kiti?"

Bibi anakinga jua kwa kiganja. "Hakuna mwanga, mkwe. Pumua sasa."

Jumamosi watafanya vivyo hivyo, na Beldina ameshaomba leso mpya kwa shughuli hiyo. Lakini Hezekiah ana mpango wa baadaye. Sherehe zikiisha, atafunga safari hadi Matete na ingokho, kuku mwenye uzito, akae na wazee wa upande ule. Atawauliza kama ipo dawa ya kuipunguza aibu ya wakwe, hata kama ni kwa saa moja ya asubuhi, hata kama mwisho wake ni kwenye uzio wa uwanja wa ndege.

"Nina kichekesho kimoja cha mpishi wa kambi na askofu," anasema, akiiviringisha shazia ndani ya kitambaa. "Wote waliokisikia walienda kwao. Nataka nimfunge huyu kijana kwa mbele, tukitazamana, halafu nimwambie."