Siku Nilipompunguzia Mama Albertine Mzigo

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikijaribu kuisahau, jasho la mgongoni linanikumbusha. Usihofu, si hadithi ya safari. Wanijua: mimi ni mtu wa parseli yangu, kiwanja changu na nyumba yangu. Kufika Kapolowe kwangu ni kama kuhamia ng'ambo, na mke wangu husema siku ya kiyama nitaomba nifufukie kwenye kiti changu cha salon, pale sebuleni. Lakini mtu anaweza kuanguka bila kwenda mbali. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi mbele ya mtaa wetu mzima wa Kikula, hapa Likasi.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, na si sekondari ya hivihivi: Latin-philo, mkondo wa Kilatini na falsafa. Siku zile kijana wa Latin-philo alitembea kama aliyemeza fimbo. Juu ya Kilatini niliongeza Kiingereza, nilichojifundisha mwenyewe kwa redio na kwa kamusi moja iliyochakaa. Kurasa za herufi A zilikuwa zimeshakwenda kuwashia mbabula, jiko la makaa, kwa hiyo neno la Kiingereza lililoanza na A mimi nililikisia tu. Sikuona kama ni upungufu. Ujana hauoni shimo mpaka uwe ndani yake.

Hapo Kikula tulikuwa na maternite ndogo ya parokia, nyumba ya kuzalishia. Mkuu wake alikuwa Mama Albertine, aliyeianzisha kwa chumba kimoja na kitanda kimoja. Mimi mwenyewe nilitokea mikononi mwake, na hakuacha kunikumbusha kwamba nilitoka nikipiga kelele bila sababu. Dawa zilitoka kwa wafadhili wa nje, na siku hiyo walikuwa wamemtuma mtu wao, Bwana Mensah, Mghana, mpole, asiyejua Kifaransa wala Kiswahili. Mwalimu aliyezoea kutafsiri alikuwa kitandani na malaria. Wakaja kunichukua mimi. Nilifunga tai ya baba yangu, nikasahau kunywa maji.

Sala, ukumbi wa mikutano, ilijaa. Mbele walikaa padri na Mama Albertine. Nyuma yao wamama wa mtaa, akiwemo Mama Philo, msemaji wao bila kuchaguliwa. Pembeni aliketi Baba mukubwa Célestin, kaka wa baba yangu, aliyefundisha Kilatini mpaka akastaafu. Macho yalikuwa yamepungua, masikio hayakupungua hata kidogo.

Kazi yangu ilikuwa kugeuza Kiingereza kuwa Kifaransa, maana Kifaransa ndicho nguo ya mikutano kwetu. Mgeni akaanza kwa kusema maternite lazima iwe "managed" vizuri. Mimi, bila kupepesa, nikasema iwe *bien ménagée*. Sasa sikiliza, mwanangu. Yeye alisema kuendesha, kusimamia, *gérer*. Mimi nilisema kuitendea polepole, kama unavyomshika mgonjwa. Wamama wakatikisa vichwa: huyu mgeni ana moyo.

Akasema wafadhili sasa wata-"control" dawa. Nikasema *contrôler*. Kwetu contrôler ni kuja, kutazama, kuondoka. Kwake ilikuwa kushika ufunguo.

"Bakuje bacontrôle," Mama Philo akasema. "Hatufiche kintu hapa."

Kisha likaja lenyewe. Mgeni alimtazama Mama Albertine, akashusha sauti, akasema Mama atakuwa "relieved of her charge", na kwamba atawekwa administrator "pro tempore". Kwa Kiingereza cha ofisini maana yake ni kwamba Mama anaachishwa kazi, na mtu mwingine anashika mahali pake kwa muda. Lakini mimi niliyaona maneno yale yakinijia kama ndugu zangu wa tumbo moja. Nikasimama wima: *Madame Albertine sera soulagée de sa charge*. Atapunguziwa mzigo. Na tutapata administrateur *à temps*, mwenye kufika kwa saa.

Sala ikalipuka kwa makofi.

"Alifikaka wapi, uyu muntu wa kufika kwa saa?" Mama Philo akauliza. "Njo wa kwanza Likasi."

Watu wakacheka. Mama Albertine naye akacheka, akajipangusa uso kwa pembe ya kitenge, kama mtu aliyeona kwamba uchovu wake hatimaye umeonekana. Mgeni peke yake hakucheka. Aliwatazama wamama waliokuwa wakipiga makofi, akamtazama Mama, akainamisha kichwa. Niliona, nikadhani ni unyenyekevu.

Baba mukubwa aliinua mkono.

"Weye, ile neno alisema ni nini?"

"Baba mukubwa, maulizo itakuya nyuma," nikamjibu, yaani maswali yangoje. Nilimjibu hivyo, mwanangu, mzee wangu, mbele za watu, kwa sababu ya tai.

Mgeni akaomba Mama Albertine aseme mbele ya wote kama anakubali. Akikubali, jambo linaanza kesho asubuhi. Nikatafsiri hilo sawasawa, la kwanza siku ile. Mama akasimama, akakaza kitenge, akafungua kinywa.

Fimbo ya Baba mukubwa ikagonga sakafu. "Albertine, usijibu kwanza."

Padri aligeuka. Mama alibaki amesimama, kinywa nusu wazi.

"Weye," mzee akaniita. "Pro tempore umeitafsiri namna gani?"

"À temps, Baba mukubwa."

"Minye, mimi huyu, njo nilikufundisha hiyo Latin?"

"Hapana, Baba mukubwa."

"Asante Mungu. Sasa umuombe mugeni aseme tena, lakini asitumie ile maneno. Aseme kama vile anaambia mutoto wa miaka tano."

Nilimgeukia Bwana Mensah, nikamwomba hivyo kwa Kiingereza. Alishangaa, lakini alikubali. Akasema kwa maneno mafupi: Mama anarudi nyumbani. Mtu mwingine atafanya kazi yake, mpaka tumpate wa kudumu.

Kwa nukta chache nilitafuta neno la katikati, neno laini, lenye mto chini yake. Kifaransa kina mengi ya namna hiyo. Baba mukubwa alinisikia nikilitafuta, sijui vipi.

"Administrare," akasema, kama tuko darasani. "Mule ndani muko nani?"

"Minister."

"Minister njo nani?"

"Mutumishi."

"Anafanya nini?"

"Anabeba sahani mezani."

"Basi beba. Usionje njiani."

Nikaacha Kifaransa. Nikamtazama mwanamke aliyenipokea duniani, nikamwambia, "Mama Albertine, nilikosea. Anasema unatoka ku kazi. Kesho muntu mwingine atashika fasi yako."

Hakulia. Aligeuka taratibu kuwatazama wamama waliokuwa nyuma yake. "Basi ile makofi, mulikuwa munapigia minye?"

Mama Philo, aliyekuwa amesimama tangu makofi, alikaa chini.

"Umuulize sababu," Mama akaniambia.

Nikauliza. Bwana Mensah akasema ripoti za dawa zilikuwa zikichelewa kila mara, ndiyo maana wakubwa wake wakaamua. Kisha akaongeza jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nakula, kijiko kinasimama. Alisema yeye mwenyewe alikuwa na shaka, alitaka kurudi kumtetea. Lakini alipoona watu wa Mama wanapiga makofi, wengine wanacheka, alifahamu kwamba mtaa mzima ulikuwa ukingoja siku hiyo.

Hilo nalo ilibidi nilibebe hadi mezani. Nililibeba.

Wamama wote wakainuka pamoja. Kila mmoja akawa na la kusema, mwingine kwa Kibemba, mwingine kwa Kiluba, na Mama Philo akataka nimtafsirie mgeni matusi mawili, nikamwomba radhi. Mama Albertine akanyoosha mkono, wakanyamaza.

"Umuambie hivi. Kusaidiwa, minye nakubali. Kuandika kunanishinda, alete muntu wa kuandika. Kutoka, nakataa. Sema vile, na usitie Latin."

Nikasema vile. Bwana Mensah na padri walitoka nje wakazungumza wawili, kwa Kilatini cha padri, ambacho mgeni alikielewa kidogo, na kwa mikono, maana mimi sikuitwa. Waliporudi, Mama alikuwa amebaki na kazi yake, na ripoti zingepata msaidizi. Watu wakashusha pumzi. Hakuna aliyekumbuka "control". Mimi mwenyewe sikuikumbuka mpaka siku walipokuja kuuchukua ufunguo wa kabati la dawa, ukakaa kwa mtu wao mjini. Tangu hapo mwanamke akizidiwa na uchungu, kijana anatumwa mbio kutafuta ufunguo, na Mama Albertine anangoja, mikono mitupu. Siku moja alinikuta njiani, akaniambia bila hasira: "Neno moja mulirudisha. Ile ingine ilipita." Akaenda zake.

Sasa nyinyi, wanangu, mna simu inayotafsiri kabla hujameza mate. Mnasoma management, mnasoma gouvernance, kesho mtakaa kati ya wakubwa wa kiwanda na watu wa mtaa wenu, mkiambiwa semeni. Nakuomba hivi. Neno likikujia likifanana na la kwenu, usilifungulie mlango kwa sababu ya sura. Kufanana si undugu. Mwambie mwenye neno alivue nguo, aliseme kwa maneno ya mtoto. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kutabasamu na usichokijua. Ukirudi kulisahihisha moja, yarudie na wenzake yote, hata lile lililopita bila kelele, maana hilo ndilo linaloondoka na ufunguo. Na mzee akiinua mkono, mpe nafasi. Penye wazee haliharibiki neno, ila vijana wakiwaambia wangoje.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio mapana kuliko kinywa. Akupe watu wa kukukatiza kabla hujamaliza kukosea. Na wale watakaokutegemea ulimi, wasije wakashangilia msiba wao wakidhani ni neema.