Siku Niliyowaandalia Wakwe Povu la Yai

Aibu yangu haina siri tena, kwa hiyo sina cha kuficha. Ukipanda bodaboda hapa Chonyonyo, dereva atakusimulia kabla hamjafika barabara kubwa, na atakuambia kwamba nilitaka kuwapa wakwe sumu, au kwamba nililewa kabla wageni hawajafika, au (hili nililisikia kwa masikio yangu, nikiwa abiria, dereva hakunitambua kwa sababu ya kofia) kwamba nilitega dawa ya mganga ikanirudia mwenyewe. Nimechoka kusahihisha mtu mmoja mmoja. Naomba niusimulie mkasa huu mara hii moja, kwa mpangilio wake, halafu kila mtu abaki na la kwake.

Mimi ni fundi wa redio, simu na umeme wa jua. Kazi hiyo sikufundishwa na mtu. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimeyapata kwenye vitabu vya mitumba na sasa kwenye simu. Nikianza kujifunza kitu siachi mpaka kikae sawa. Mke wangu Jovitha husema huo ndio ugonjwa wangu, na kwamba wanaume wengine wana magonjwa yanayotibika.

Basi ugonjwa huo ulinipeleka kwenye kokteli. Nilikuwa natafuta video ya kufufua betri, ikafuata yenyewe video ya mtu aliyevaa tai, anavunja yai, anatenga ute na kiini, ute anauchanganya na pombe kali, maji ya ndimu na sukari, anatikisa kwa nguvu, anamimina, na juu ya glasi linakaa povu jeupe, zito, limenyooka kama saruji iliyopigwa mwiko. Juu ya povu akaweka punje tatu za kahawa, na hazikuzama. Hizo punje ndizo zilizonimaliza. Sisi ndio wenye kahawa, niliwaza, halafu mtu wa mbali ndiye anayejua kuilaza juu ya povu.

Nikaanza kujaribu. Mwanzoni povu lilikuwa linakufa kabla sijalifikisha mezani, nikagundua kwamba yai la kutagwa leo linashinda la gulioni, kwamba kiini kikidondoka hata kidogo kazi imeharibika, na kwamba unatikisa kwanza bila barafu, kisha pamoja na barafu (ambayo nilikuwa naifuata kwa muuza soda, naileta ndani ya chupa ya chai). Nilitikisia ndani ya kopo la maziwa ya unga, mfuniko nimeukaza kwa mpira wa baiskeli. Kwa vipimo nilinunua bomba la sindano kwenye duka la dawa za mifugo, jipya kabisa, kwa sababu kijiko hakisemi ukweli. Viini vilivyobaki Jovitha alivikaanga mpaka watoto wakaomba maharage. Lakini mwisho nilifika. Povu lilisimama, punje zikalala juu yake, na ladha, niseme kweli, ilikuwa nzuri.

Wakati huohuo binti yetu mkubwa, Kemilembe, alikuwa amepata mchumba, kijana wa Kamuli anayefanya kazi katika ofisi moja kule Rubwera. Wazee wa kijana wakatuma habari kwamba wanakuja kuposa. Sasa inabidi mjue jambo moja: kabla ya huyo kulikuwa na mwingine, na wazee wake walikuja, wakala, wakaaga vizuri, na hawakurudi, wala sababu hatukuambiwa. Kemilembe alikaa na jambo hilo kimya kwa muda mrefu. Kwa hiyo safari hii alinifuata kwenye meza yangu ya ufundi, akasubiri nizime pasi ya kulehemu, akasema, "Baba, huyu nampenda. Naomba siku hiyo iwe kama siku za watu wengine."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kisha nikaenda kumwambia Jovitha kwamba amwambie kaka yake asihangaike tena na ile rubisi, pombe yetu ya ndizi, tuliyomwagiza, kwa sababu rubisi wageni wanaipata kila nyumba, na mimi nina kinywaji ambacho hawajawahi kukiona.

Jovitha aliniangalia. "Hawajawahi kukiona," akarudia, akaendelea kumenya ndizi. Nilidhani amekubali.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na la pili lilikuwa tumboni. Wiki hiyo tumbo lilinisumbua, nikaenda zahanati, nikapewa vidonge vya amiba, na mganga akasisitiza nisiguse pombe hata tone mpaka dozi iishe. Sikuona tatizo. Mimi nachanganya, wao wanakunywa. Nilikuwa nimepima ndimu, sukari, barafu na muda wa kutikisa, na sikukumbuka jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua: kinywaji cha mgeni huonjwa kwanza na aliyekitengeneza, mbele ya macho ya mgeni, ndipo mgeni anapokea. Si kwamba watu wanatiliana shaka. Ni kama hodi, hakuna anayeifikiria mpaka siku mtu aingie bila kuipiga.

Siku ikafika. Asubuhi mvua ilinyesha, njia ya mgombani ikawa tope tupu, kwa hiyo wageni walivua viatu barazani wakavipanga vizuri kando ya mlango. Walikuwa watatu: baba wa kijana, mtu mkimya sana, mshenga wao, Mzee Protazi, na shangazi wa kijana, Bi Leokadia, mama wa kanisani, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Upande wetu msemaji alikuwa kaka yangu mkubwa, Deusi, ambaye ameokoka, na pombe aliiacha siku aliyookoka. Tukawapa kahawa ya kutafuna, salamu zikaenda, mazungumzo yakaanza vizuri, nami nikajiondoa polepole kwenda jikoni.

Nikiwa katikati ya kazi, yai mkono huu, bomba la sindano mkono huu, Bi Leokadia akatokea mlangoni.

"Samahani waitu, choo kiko wapi?"

"Ni huko nje, shangazi. Nyuma ya banda, mkono wa kulia."

"Asante." Hakuondoka. "Unamtibu nani?"

"Hakuna mgonjwa. Napima kinywaji."

"Aa," akasema, akaenda, na aliporudi sebuleni alipakata mkoba wake kama mtu aliye kituo cha basi.

Nikaingia na sinia. Naomba mniamini kwamba povu lilikuwa zuri kuliko siku zote, kila glasi na punje zake tatu, hakuna hata moja iliyoinama. Wageni wakazikodolea glasi macho, nikadhani ni kwa kustaajabu.

"Haya ni maziwa?" akauliza Mzee Protazi.

"Hapana mzee. Ni yai."

"Yai la kuchemsha?"

"Bichi."

Mzee Protazi akarudisha mikono yake mapajani. Hapo ndipo nami nilipokisikia nilichosema, maana huku kwetu yai bichi ukilikuta mahali lisipopaswa kuwa, njia panda kwa mfano, hulirukii, unazunguka.

"Na limepimwa kwa sindano," Bi Leokadia akasema, bila kumwangalia mtu.

"Ni bomba tu, shangazi," nikasema. "Sindano yenyewe haikuwepo." (Bado nilikuwa nasahihisha.)

Kaka Deusi akakohoa. "Basi onja, mdogo wangu, wazee wapokee."

Nikabaki nimeshika sinia. "Mimi siwezi, kaka. Niko kwenye dozi."

"Dozi gani?"

"Ya amiba."

"Amiba," Mzee Protazi akasema taratibu, "huwa inakuja na wageni?"

"Onja wewe kaka," nikamnong'oneza Deusi, ila sebule yetu ni ndogo.

"Mimi nimeokoka. Na hata nisingeokoka, aliyepika ndiye anayeonja."

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikataka kuthibitisha, ndio tabia yangu, nikatua sinia mezani, nikatoa mfukoni pakiti ya vidonge nikaiweka katikati ya glasi, ili waone kwamba sisemi uongo.

"Kumbe hata vidonge vipo," akasema Bi Leokadia, akasimama.

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kidogo, na nilimwona Kemilembe amesimama pale, kitenge chake kipya, mkono mdomoni. Akilini nikawaona tena wale wazee wa mchumba wa kwanza, wakiaga vizuri. Nikachukua glasi nikanywa, si kuonja, nilikunywa yote mpaka punje za kahawa, nikaiweka chini nikiwa na sharubu za povu.

"Mmeona," nikasema.

"Tumeona," akasema Mzee Protazi, akamwangalia Bi Leokadia, naye akakaa tena, nusu. Baba wa kijana akanyoosha mkono kuelekea glasi yake. Kwa muda huo mfupi nilikuwa nimeshinda.

Kisha uso wangu ukaanza kuwaka. Moyo ukaenda mbio kama mtu anayetwanga, jasho likanitoka, kuta zikasogea, nami nikajua mganga wa zahanati alikuwa na maana gani. Nikageuka nitoke nje. Nilijitahidi sana kufika mgombani. Sikufika. Niliishia barazani, pale viatu vilipopangwa vizuri, na yote niliyokuwa nayo tumboni nikayaacha humo, ndani ya viatu vya wakwe, jozi zote.

Nyuma yangu nilisikia Bi Leokadia akisema, "Yesu wangu, kimemrudia mwenyewe." (Hapo ndipo dereva wa bodaboda alipoipata.) Kisha nikasikia sauti ambayo tangu asubuhi haikuwa imesikika, ya baba wa kijana, akisema kwa masikitiko, "Mimi nilikuwa nataka kunywa."

Walitaka kuondoka. Nawaelewa. Lakini mtu hawezi kurudi Kamuli pekupeku kwenye tope, na viatu vilikuwa jinsi vilivyokuwa. Kemilembe akatoka na beseni, akajifunga kanga juu ya kitenge kipya, akaanza kuviosha kimoja kimoja, na alipopita karibu nami hakuniangalia. Mimi nikaburutwa na Deusi mpaka chumba cha nyuma, nikalazwa kwenye mkeka, na yaliyofuata niliyasikia tu kupitia ukutani.

Nilisikia Jovitha akiingia sebuleni. Kumbe ile habari ya kumwambia kaka yake asihangaike hakuipeleka kabisa; rubisi ilikuwa stoo tangu jana, kwenye kibuyu chake, imefunikwa kwa jani la mgomba. Nikasikia kibuyu kinawekwa chini. Nikasikia kimya cha mtu anayevuta mrija, kirefu kuliko desturi inavyodai.

"Mimi sina dozi," Jovitha akasema.

Mtu mmoja akacheka. Nadhani alikuwa Mzee Protazi.

Viatu vilikaushwa kando ya jiko, na viatu vya ngozi havikauki upesi, kwa hiyo wageni wakanywa, wakala, wakaongea, kibuyu kikazunguka, na jioni walipovaa viatu vyao vyenye unyevunyevu walikuwa wamesema yote waliyokuja kusema. Wangerudi na mahari. Mzee Protazi aliongeza sharti moja dogo, kwamba siku ya harusi baba wa binti akae mbele kwa heshima zote, apumzike, na asiingie jikoni. Kaka Deusi alikubali kabla sentensi haijaisha.

Bomba la sindano sasa ni la chanjo ya kuku. Mayai nayachemsha, na nikiona video ya mtu aliyevaa tai anavunja yai naisogeza upesi. Sitachanganya tena kinywaji cha mgeni, hata uji. Na nilichojifunza sikukipata kwenye simu: mgeni hapokei povu wala ladha, anapokea mdomo wako uliotangulia.

Harusini nilikaa mbele kama walivyoagiza, nimevaa suti ya kuazima, mikono magotini, kila anayepita anatabasamu upande. Kemilembe alinisalimia, na safari hii aliniangalia. Kisha nikamwona Bi Leokadia anakuja moja kwa moja kwenye meza yangu na chupa ya soda ambayo haijafunguliwa, amevaa viatu vyake vilevile vya siku ile. Akaifungua mbele yangu, akameza kidogo, akafuta mdomo wa chupa kwa leso, akanikabidhi.

"Nimekuonjea, mkwe," akasema.

Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa.