Alphonsine Mwamba, mwonjaji aliyekiri kuwa hasikii harufu

Saa mbili asubuhi, katika karakana ndogo nyuma ya maghala ya Anderlecht, Alphonsine Mwamba anamimina maji ya moto kwenye vikombe vitano vyeupe. Kila kikombe kina kijiko kimoja cha mbegu ndogo za kahawia, zenye pembe tatu. Anasubiri dakika nne. Kisha anainamia kikombe cha kwanza, anafumba macho na kuvuta pumzi.

Anahamia cha pili.

Mbegu hizo ni sarrasin, kama zinavyoitwa hapa Brussels, au buckwheat kwa Kiingereza. Wengi huzijua kwa unga wake. Zikikaangwa na kutiwa maji moto, hutoa chai ya rangi ya dhahabu isiyo na jani hata moja, yenye harufu kama ya karanga zilizotoka motoni. Alphonsine, mwenye umri wa miaka 54, mzaliwa wa Likasi nchini Kongo, husaidia kuamua ipi iuzwe na ipi imwagwe.

"Ya muzuri inaanza ku pua, kisha inashuka polepole ku ulimi," anasema. "Ya kuungua, bon, inakushika ku koo."

Aliingia hapa miaka kumi na moja iliyopita kama msafishaji. Siku moja alimwambia mwenye karakana, Lieve, azime mashine ya kukaangia kwa sababu mbegu zinaungua.

"Mimi sikuwa nimesikia harufu yoyote," Lieve anakumbuka. "Nilipofungua, kweli zilikuwa zimeanza kuungua. Kesho yake nikamwekea kikombe mezani."

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Februari, mafua makali yalimlaza kwa wiki nzima. Aliporudi kazini, aliinamia kikombe na hakusikia kitu.

"Nikasema labda maji haikukuwa moto. Nikaongeza. Rien. Ni kama nilikunywa maji ya mvua."

Hakumwambia mtu. Alianza kukisia kwa rangi. Mara nyingine alimwita Tatiana, mfungaji wa pakiti, amwonjee.

"Nilimuambia, 'Onja, uniambie unasikia nini.' Alizani namufundisha," anasema, akiangalia mikono yake. "Miye nilikuwa namuiba pua yake."

Nyumbani kwake, mtaa wa Forest, binti yake Océane alikula sombe ya mama yake, kisamvu kilichozidi chumvi, siku mbili mfululizo. Hakulalamika. Siku ya tatu aliingia jikoni na kupika mwenyewe.

Wiki tatu zikapita. Ndipo Rukiya, Mtanzania mwenye duka kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, akarudisha katoni nzima ya pakiti.

"Dada, hii imeungua," alisema. "Customer wawili wameirudisha. Sikutaka kusema kwenye simu."

Kilo arobaini za mbegu hizo zilizoungua zilikuwa zimeshauzwa. Lieve akamwita ofisini Dan, mkaangaji, baba wa watoto wawili aliyekuwa na miezi sita tu kazini, akamwambia mkataba wake hautaendelea. Alphonsine alikuwa mlangoni na trei ya vikombe.

"Dan alivua tu aproni," anasimulia. "Njo nikasema, 'Lieve, haiko Dan peke. Kazi ya kuzuia ilikuwa yangu. Tangu semaine tatu, sisikii kitu.'"

Lieve anakiri kwamba alikasirika. "Ugonjwa si kosa. Lakini aliniacha nimhukumu mtu peke yake."

Dan alibaki. Alphonsine alipelekwa kufunga pakiti, Tatiana akapewa meza ya kuonja. Daktari alimweleza Alphonsine kwamba harufu huenda ikarudi, huenda isirudi, akamwagiza anuse vitu vinne asubuhi na jioni. Alichagua karafuu, limau, kahawa na sarrasin.

Kwa miezi kumi na mitatu alinusa bila kusikia chochote.

Kilichotangulia kurudi hakikuwa kitamu. Asubuhi moja ya Aprili, akiwa amefunga nusu ya pakiti, alisikia kitu cha kuungua. Alifuata harufu ile hadi kwenye kikombe cha tatu cha Tatiana.

"Maman, ni kweli, hii imezidi," Tatiana akamwambia.

Alphonsine alikaa juu ya gunia, akakivuta kikombe na kukinusa tena.

Mengi bado hayajarudi. Utamu wa mwisho, ule unaobaki mdomoni baada ya kumeza, haupati. Kwa hiyo, ingawa amerudi mezani, sasa huonja wawili, yeye na Tatiana. Kila mmoja huandika kwenye karatasi yake bila kuchungulia ya mwenzake. Wasipokubaliana, huandaa vikombe vipya.

Kazi ikiisha, hujimiminia kikombe kingine, cha kunywa tu. Anakishika kwa mikono miwili na kunywa taratibu, kisha anakula kwa kijiko mbegu laini zilizobaki chini.

"Hapa sitafute kosa," anasema. "Nakunywa."

Dan hakuzungumza naye kwa miezi mingi. Mwaka huu ndiye aliyeomba kufundishwa kuonja, na Lieve amekubali waanze Septemba. Alphonsine ameshajua somo la kwanza.

"Siku pua yako haisikie, utasema haisikie," anasema. "Ingine yote itakuya nyuma."