Fundi Kwanini na ufa uliotokea mara tatu

Saa mbili asubuhi, mlango wa karakana uko wazi nusu, na Fundi Kwanini amepiga magoti mbele ya meza ya kazi kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Juu ya meza kuna ganda la giaboksi la trekta ndogo ya bustani, trekta ya zamani, inayokaribia miaka arobaini. Ganda limeoshwa kwa dizeli mpaka limetakata. Analipaka mafuta ya taa kwa brashi, anasubiri kidogo, analifuta kwa tambara kavu, kisha anasugua chaki nyeupe juu yake.

Halafu hafanyi lolote. Anatazama tu.

Dakika mbili hazijaisha, mstari mweusi mwembamba kama unywele unaanza kujitokeza kwenye chaki. Ni mafuta ya taa yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa, sasa yanachuruzika kutoka. Mstari unapita kati ya makovu mawili ya kuchomelea, unapinda, unaishia kwenye tundu la bolti.

"Huyo hapo," anasema taratibu. "Sasa tujue katokea wapi."

Ana umri wa miaka hamsini na saba, mwembamba, miwani yake imeshikwa kwa waya upande mmoja. Karakana yake ni chumba kimoja cha matofali nyuma ya nyumba. Spana zimening'inia ukutani kwa ukubwa wake, na kila moja imechorewa umbo lake kwa rangi ili ikikosekana ijulikane mara moja.

Jina la Kwanini alipewa na wateja. Mtu analeta pampu anataka kuichukua mchana, badala yake anahojiwa kama yuko kwa daktari: ilianza lini kupiga kelele, nani aliishika mwisho, ilikuwa inavuta maji gani. "Mke wangu anasema mtu akileta sufuria iliyotoboka, nitamuuliza alikuwa anapika nini," anasema, na anacheka peke yake.

Trekta hii ni ya jirani wa mitaa miwili kutoka hapo, mjane wa miaka sitini na sita ambaye wote wanamwita Mama Miche. Anaotesha miche ya matunda na mboga katika kiwanja kirefu nyuma ya nyumba yake. Tangu alipopasuliwa nyonga anatembea kwa mkongojo, na trekta ndiyo inayomvutia tangi la maji na kitoroli cha udongo.

"Watu wanadhani ni mashine," anasema. "Kwangu ile ni miguu."

Trekta imelala kwa wiki tatu. Kwa ndoo, Mama Miche ameweza kumwagilia nusu ya kiwanja tu. Nusu nyingine miche imekuwa ya manjano, na matuta mawili ameshayang'oa. Ganda jipya halipatikani, kwa sababu kiwanda kiliacha kulitengeneza zamani. Aliwahi kupata moja kwenye duka la vyuma chakavu, likawa na ufa mbaya kuliko wa kwake.

Ndiyo maana fundi hakukimbilia kuchomelea. Ufa huo ulikuwa umeshazibwa mara mbili na mafundi wengine, miaka saba iliyopita na tena miaka minne iliyopita, wakati yeye ameajiriwa katika kiwanda kimoja mbali na nyumbani. Aliyakagua makovu yao kwa kidole na hakuona kasoro.

"Walifanya kazi safi, wote wawili," anasema. "Sasa kama kazi ilikuwa safi, ufa umerudije palepale? Kuna kitu kinausukuma. Hicho ndicho nilichokitaka."

Alichukua waya, akautumbukiza katika lile tundu la bolti, akapima. Tundu lile halikutoboka upande wa pili. Lina kina cha milimita ishirini na mbili. Akachukua bolti iliyotolewa humo, akatoa hesabuni unene wa kipande cha ekseli inachokibana, akapima kilichobaki. Milimita ishirini na sita.

"Nne zaidi," anasema, akionyesha kwa kidole gumba na cha shahada. "Ukikaza, mkono unakuambia imekaza. Kumbe ncha imegota chini, inasukuma chuma, na kile kipande hakijabanwa sawasawa. Trekta ikivuta, kinacheza. Na chuma cha kusubu, hiki cha kumiminwa, hakipindi. Kinapasuka."

Alifurahi, anakiri. Aliigeuza bolti mkononi kama mtu aliyeokota kito, akatazama kichwa chake. Hapo furaha ikamwisha. Kwenye kichwa kulikuwa na mikwaruzo miwili ya tupa, midogo, iliyolala sambamba.

Ile ni alama yake. Tangu aanze kazi, miaka thelathini na moja iliyopita, kila bolti anayoibadilisha huikwaruza hivyo, ili mashine ikirudi ajue mkono wake umefika wapi. Akakumbuka. Miaka tisa iliyopita, kabla hajaenda kiwandani, trekta hiyo ililetwa kubadilishwa sili ya ekseli inayozuia mafuta kuvuja. Bolti moja ilikuwa imepotea. Akaingiza mkono kwenye boksi la bolti, akatoa yenye nyuzi zinazolingana, akaikaza. Urefu hakuupima.

"Nisikufiche, wazo lilinijia," anasema. "Niitupe, niweke fupi, nizibe ufa, niitwe fundi hodari. Nani angejua?"

Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, bolti mkononi, mpaka mkewe akaja kumtafuta.

"Mbona umekaa kama umefiwa?" mkewe aliuliza.

Akamwonyesha, akamweleza. Mkewe akaitazama bolti, akamtazama na yeye.

"Si ulikuwa unatafuta kwa nini? Basi umeipata," akasema, akarudi kwenye nguo zake za kufua.

Mchana huo alimpigia simu Mama Miche, akamwomba afike. Alimpa kiti, akamwekea bolti kiganjani, akamweleza yote kwa kituo. Alitegemea kufokewa. Mama Miche aliigeuza bolti, akaipapasa ile mikwaruzo kwa ukucha.

"Mdogo wangu," akasema hatimaye, "unajua mume wangu nilimwambia nini siku giaboksi ilipopasuka mara ya kwanza?"

"Hapana, dada."

"Nilimwambia amezidisha mzigo. Akakataa. Ikapasuka tena, nikamwambia yaleyale, mbele ya watoto. Akakataa tena. Miaka miwili sasa tangu tumzike, na mimi mpaka leo asubuhi nilikuwa najua yule bwana alinidanganya."

Fundi alisema tu kwamba kazi hii hatalipwa, na mwenye trekta akamwambia hilo walizungumze baadaye, kwanza amwonyeshe atakavyoiziba.

Mama Miche akabaki kutazama. Fundi alitoboa vitundu viwili vidogo kwenye ncha za ufa, ili usiendelee mbele. Kwa grenda ya kusaga chuma akaondoa kazi ya wale mafundi wawili, akauchimba ufa ukawa mfereji. Akaliweka ganda juu ya mkaa ndani ya nusu pipa, lipate moto polepole, lote kwa pamoja. Kisha akachomelea kwa vijiti vya nikeli, kipande kifupi kama pingili ya kidole, akaacha, akakigongagonga kwa nyundo ndogo, akasubiri, akaenda kingine.

"Mbona unakipigapiga hivyo?" Mama Miche aliuliza.

"Kikipoa kinajivuta, dada. Nakilegeza kabla hakijavuta na jirani zake."

Ilimchukua saa nne. Mwishoni alilifukia ganda kwenye jivu kavu, likapoa humo mpaka kesho yake. Alipolitoa, alilijaza mafuta ya taa kwa ndani, akapaka chaki nje, akaliacha kutwa nzima. Jioni chaki ilikuwa bado nyeupe.

Siku mbili baadaye, giaboksi ikiwa imefungwa kwa bolti fupi iliyopimwa mara tatu, Mama Miche alipanda trekta yake mwenyewe, mkongojo ukiwa umelala mapajani. Kabla ya kuiwasha alitoa simu, akampigia binti yake mkubwa.

"Baba yenu alikuwa anasema kweli ile habari ya mzigo," alimwambia. "Waambie na wadogo zako." Kisha akaondoka, taratibu, katikati ya njia.

Fundi Kwanini sasa ana kazi nyingine, ambayo hakuna aliyemtuma. Lile boksi la bolti ndefu alilimaliza kwenye mashine za watu mwaka uleule. Ameketi akavuta kumbukumbu, akaandika ukutani mashine nyingine tano: mbili za kukata nyasi, pampu moja, na trekta mbili ndogo. Wenye mashine tatu ameshawapata.

Jumatatu ataanza na mashine ya kukata nyasi ya shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Atakwenda na waya wake wa kupimia na mfuko wa bolti fupi.

"Pengine zote ni nzima, nitaonekana nimechanganyikiwa," anasema, akipanga bolti kwenye mfuko moja baada ya nyingine. "Afadhali hivyo. Huenda kuna nyumba nyingine watu wanalaumiana kwa milimita nne zangu."